Haibwi, Huagwa

Kabla msichana hajaondoka nyumbani kuna pesa inayoachwa. Haiitwi malipo. Huitwa ya sukari, ya sabuni, ya kumfuta mama machozi. Elfu ishirini, mara nyingine hamsini. Sisi tunaofanya kazi na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika mitaa na vijiji vya Tanga, kuzuia usafirishaji haramu wa wasichana, tumejifunza kuiulizia pesa hiyo kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu ndiyo huwa deni la kwanza la mtoto. Akishafika alikopelekwa huambiwa: ile ya sukari aliyopewa mama yako, nauli, soda ya njiani, gauni nililokununulia, vyote vitakatwa kwenye mshahara. Mwezi wa kwanza unaisha hana kitu, wa pili vilevile, wa tatu kavunja glasi. Kamba hakuna, kufuli hakuna, na kuondoka hawezi.

Kwa hiyo huku kwetu msichana haibwi. Huagwa. Anaondoka na kanga mbili mpya, begi la mgongoni na dua ya bibi. Anayemchukua ni mtu anayejulikana: binamu aliyeolewa Dar, mama aliyewahi kupanga mtaa wa nyuma, dada wa kikoba, jirani wa zamani wa Muheza aliyepata nafasi mjini. Anakuja jioni, anavua viatu, anakaa jamvini, anaulizia wagonjwa na waliotangulia mbele ya haki. Chai ikishanyweka ndipo maneno yanapotoka.

"Dada yangu, mwanao ni mwanangu. Huyu hapa anakaa bure tu. Kuna mama mmoja mjini, mtu wa dini, anataka binti wa kukaa na mtoto. Jioni atamsomesha ushoni. Nauli juu yangu. Ila usitangaze, watu wana husda."

Maneno hayo machache yana mambo manne ya kuyashika. La kwanza ni hilo la kutotangaza. Kazi ya halali haiharibiki kwa jirani kuijua. Anayeomba siri anamwondoa mtu ambaye angeuliza swali. La pili halimo kwenye maneno, limo kwenye saa: gari ni kesho alfajiri, na aghalabu leo ni Jumamosi, ofisi ya mtendaji imefungwa. La tatu, huyo "mama mmoja" hana jina. La nne, ushoni hauna anwani wala ada. Likiongezeka la tano, "hiyo laini yako haishiki kule, nipe nikubadilishie," hapo tunaomba wazazi wasimamishe safari siku hiyohiyo, hata kama anayechukua ni ndugu wa damu. Msichana asiye na laini yake hana wa kumpigia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo lilitugharimu. Kulea mtoto wa ndugu ni mila yetu, tena mila njema. Shangazi anamchukua mpwa, anamvusha shule, anamwoza. Kamati ambazo zilianza kwa kumshuku kila shangazi zilijikuta hakuna tena anayezifuata. Watu wakaanza kusafirisha watoto usiku ili wasiulizwe, na hapo dalali, yule anayewakusanya wasichana na kuwapeleka kunyonywa, ndiye akafaidika. Kuuliza kunatakiwa kuwe kwa wote na kwa heshima ileile, ili anayeulizwa asione ametuhumiwa. Mwenye nia njema hujibu kwa dakika kumi akaendelea na safari. Mwenye jambo lake hukasirika kwenye swali la pili au la tatu.

Sheria iko upande wa anayeuliza. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haidai mpaka wa nchi uvukwe. Kutoka Lushoto hadi Ngamiani, hapahapa Tanga, kunatosha. Inachoangalia ni kumchukua, kumsafirisha au kumhifadhi mtu kwa lengo la kumnyonya, iwe kwa kazi, kwa ngono au kwa njia nyingine. Kwa mtu mzima huangaliwa pia kama kulikuwa na udanganyifu au nguvu. Kwa aliye chini ya miaka 18 hilo halihitajiki kabisa, na ridhaa haiwi utetezi, yake wala ya mzazi wake. "Mama yake mwenyewe alinikabidhi" si jibu mbele ya sheria hii. Wazazi wengi hushtuka wakilisikia, na ni bora washtuke mapema.

Kuhusu kazi yenyewe, Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumkosesha shule. Kazi ya usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa kwa mtoto yeyote. Sasa ipime kazi ya hausigeli kwa kipimo hicho: anaamka saa kumi na moja kuchemsha maji ya kuoga, anapiga pasi sare za watoto wenzake, analala baada ya vyombo vya mwisho kuoshwa. Ukiuliza "ataamka saa ngapi, atalala saa ngapi?" umekwisha kupata nusu ya majibu.

Chombo kinachotusaidia kuliko semina zote ni daftari. Kaunta buku la kawaida, limepigwa mistari kwa rula. Kila msichana wa chini ya miaka 18 anayehama mtaa kwenda kuishi na mtu mwingine anaandikwa humo: jina lake kamili na la mzazi, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti au kadi ya kliniki, jina la anayemchukua na namba ya NIDA inayonakiliwa kutoka kwenye kadi yenyewe, si kwa kutajiwa, jina la mwenye nyumba anakokwenda, mkoa, wilaya, kata na mtaa, ni kazi, shule au kulelewa, nani kalipa nauli, pesa iliyoachwa nyumbani ni kiasi gani na ni ya nini, tarehe ya kurudi kusalimia. Chini wanatia saini watatu: mzazi, mchukuaji, na msichana mwenyewe. Picha moja ya simu inapigwa, mchukuaji na msichana pamoja, inahifadhiwa kwenye simu ya mtendaji tu.

Daftari linaharibika kwa njia tunazozijua sasa. Njia iliyo maarufu ni namba ya simu ya "mwenyekiti wa kule" kutolewa na mchukuaji. Unapiga, inapokelewa, sauti nzito inasema naam, mimi ndiye mwenyekiti, mtoto namjua, mleteni. Huyo anaweza kuwa mtu yeyote aliyekaa kijiweni na kupewa elfu tano. Namba itafutwe kwa njia ya ofisi: mtendaji wa kata ampigie mtendaji mwenzake, huyo ndiye atoe ya mwenyekiti wa mtaa. Inachukua siku moja au mbili, na ndiyo maana safari ya kesho alfajiri haikubaliki.

Njia ya pili ni barua ya utambulisho kuandikwa bila msichana kuonekana. Mzazi anakuja na mchukuaji, mhuri unagongwa, barua hiyohiyo inatumika baadaye kumwonyesha askari njiani kwamba safari ni halali. Mhuri usigongwe mpaka msichana awepo, na azungumze na mwanamke mmoja wa kamati wakiwa wawili tu. Hapo haulizwi "umeridhia?" kwa sababu atasema ndiyo. Anaulizwa: unakwenda kwa nani? Anaitwaje? Utalala chumba gani na nani? Nani mwingine anaishi humo? Asiyejua jina la mtu anayekwenda kuishi naye, hajaelezwa safari yake.

Tatu, daftari likikaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo akawa na undugu na dalali, limekwisha. Walishike wawili, mmoja mwanamke, na lifungiwe. Majina ya wasichana, umri wao na namba za wazazi wao ni kitu anachokitafuta dalali. Daftari lililo wazi juu ya meza ya ofisi linamrahisishia kazi.

Baada ya kuondoka zinapigwa simu tatu: jioni ya kufika, siku ya saba na siku ya thelathini, kisha kila mwezi. Zipigwe na mzazi, kwa laini ya msichana. Na hapa kuna jambo dogo ambalo limefaa sana. Msichana anapozungumza na nyumbani, mara nyingi simu imewekwa spika na mwenye nyumba kasimama pembeni. Atasema nzuri, nakula, nalala. Basi kabla ya safari mnakubaliana neno. Akiuliza "mbuzi wa babu kapona?" maana yake nina tabu, njooni. Chagueni kitu ambacho kwenu hakipo kabisa, ili asije akakiulizia kwa bahati. Anayepokea naye afundishwe asishangae, asiseme "mbuzi gani tena?" Ajibu tu, "Bado, babu anamtafutia dawa," azungumze mengine, akate, ndipo apige simu nyingine.

Namba zikae kichwani. 116 ni namba ya huduma kwa mtoto, haina malipo. 112 ni ya polisi. Na moja ya nyumbani yenye tarakimu zote kumi. Vijana wa siku hizi hawazijui namba kwa sababu zimo kwenye simu, na simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Mpe siku tatu azikariri kama anavyokariri sura fupi chuoni, umsikilize asubuhi na jioni. Karatasi yenye namba hizo ishonwe ndani ya pindo la gauni, si mfukoni mwa begi, maana begi hupekuliwa.

Watu huniuliza, nani wa kumwambia msichana mambo haya? Si mkutano wa hadhara wenye kipaza sauti. Kwenye mkutano huo dalali naye huwa amekaa mstari wa mbele akitikisa kichwa. Kwa Waswahili wa pwani msichana ana somo wake, mwanamke mzima anayemfunda mambo ya utu uzima. Somo anajua mambo ambayo mama hajaambiwa, na atakalolisema msichana hulishika. Tunapopata masomo watano katika mtaa mmoja wakaelewa namba, neno la siri na maswali, kazi imekwenda mbali kuliko mabango hamsini. Wa pili ni vikoba. Mnakutana kila wiki. Kabla sanduku halijafunguliwa, tumieni dakika kumi kwa swali moja tu: nani mtoto wake kaondoka wiki hii? Wa tatu ni walimu wa madrasa na wa shule, ambao huona kiti kitupu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Stendi ya Kange, ya mabasi ya Tanga mjini, ni mahali pa mwisho pa kukamata jambo likiwa bado jambo dogo. Wapiga debe, makondakta, bodaboda na mama lishe ndio macho yake. Tunawaambia watazame msichana ambaye hashiki tiketi yake mwenyewe, hajui anashukia wapi, na anamtazama mtu mzima kabla ya kujibu hata salamu. Au wasichana watatu, wanne wa rika moja, mabegi yanayofanana, mtu mzima mmoja, na ukiwauliza wanatokea vijiji tofauti, mmoja Soni, mmoja Bumbuli. Swali ni la kawaida, la mtu anayeuza chai: "Mwanangu, unakwenda wapi? Mama yako anaitwa nani?" Kisha mtu mwingine amuulize mtu mzima maswali yaleyale akiwa mbali kidogo. Majibu yakipishana, namba ya gari inaandikwa, kiti kinaandikwa, polisi wa stendi wanaitwa, na 112 inapigwa.

Lisilotakiwa ni kelele. Ukipiga ukunga "mwizi wa watoto", umati hukusanyika, mtu hupigwa, na ikionekana baadaye kuwa alikuwa baba mdogo halisi, hakuna kondakta atakayethubutu kuuliza tena. Hata akiwa mwovu kweli, akishapigwa hadi kulazwa ushahidi unaharibika na aliyemtuma anapata muda wa kupotea. Jambo jingine ni picha. Msipige picha ya msichana mkaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwa nia ya kumtafutia kwao. Picha hiyo atakutana nayo siku ya posa yake.

Ufukweni kanuni ni hiyohiyo, ila saa ni za maji. Vyombo vinavyotoka Kipumbwi na bandari ndogo nyingine kwenda Unguja huondoka maji yakijaa, si ofisi ikifunguka, kwa hiyo kamati ya kijiji cha ufukweni lazima iwe na mtu anayejua ratiba ya bamvua na maji mafu na anayeheshimiwa na manahodha. Nahodha anayeandika abiria ni wa kushukuriwa hadharani. Upande wa Horohoro, mpakani na Kenya, wanaojua kwamba hawana karatasi za mtoto hushuka kabla ya kituo wakapanda bodaboda za njia za panya. Wa kuzungumza naye hapo ni mwenyekiti wa bodaboda, kwa sababu abiria mtoto mwenye begi, usiku, mpakani, hawezi kufichika kwa dereva wake.

Kuhusu kazi za ndani Uarabuni niseme kwa ufupi. Wakala wa halali ana leseni ya Kamishna wa Kazi, na leseni hiyo inaulizwa kwa ofisa kazi, haisomwi kwenye simu ya wakala. Akisema utasafiri kwa viza ya kutembea halafu "mambo yatabadilishwa hukohuko", hiyo si ajira. Akitaka tarehe ya kuzaliwa iongezwe miaka, hiyo tayari ni jinai, na umri wa uongo ukishaingia kwenye pasipoti ni vigumu baadaye kuthibitisha kwamba aliyepelekwa alikuwa mtoto. Mkataba usomwe kwa lugha anayoielewa, nakala ya mkataba na ya ukurasa wa picha wa pasipoti vibaki nyumbani, pamoja na namba ya ubalozi wetu wa nchi anayokwenda.

Akirudi, na wengi hurudi kwa miguu yao wenyewe, hapo ndipo tunapokosea zaidi. Nyumba inajaa watu usiku uleule, kila mmoja anataka kusikia. Mwache aoge, ale, alale? Ngoja. Ikiwa kuna dalili au neno lolote la kuingiliwa kimwili, asioge kwanza wala nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwenye gazeti, si mfuko wa nailoni, maana zikipata unyevu ushahidi huoza. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Dawa za kinga ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Kinga ya mimba hufaa ndani ya siku tano, ikiwahi ndiyo bora. Zikiwa zimepita siku hizo bado aende, apimwe na atibiwe. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja, haelezi habari yake mara tatu kwa watu watatu.

Maelezo yachukuliwe na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, mara moja, na ofisa ustawi wa jamii akiwepo. Wanakijiji wasimhoji. Kila anapohojiwa upya kisa kinabadilika kidogo, siku inakosewa, jina linarukwa, na mahakamani mabadiliko hayo ndiyo anayoyashika wakili wa mshtakiwa. Vitu vitunzwe: meseji za kutumiwa pesa zisifutwe, kipande cha tiketi kisitupwe, namba ya mchukuaji ibaki ilivyoseviwa.

Kisha atakuja mzee mmoja na ujumbe: tulimalize kifamilia. Mbuzi, laki tatu, na samahani mbele ya wazee. Tunauelewa uzito wa kukataa, hasa mchukuaji akiwa ndugu. Lakini msichana anayeona jambo lake limelipwa mbuzi hatasema tena likimkuta la pili, na mdogo wake naye amesikia. Jinai si ya familia kuisamehe. Mshahara ambao hakulipwa nao una njia yake: ofisa kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako madai ya namna hiyo yanapaswa kufikishwa ndani ya siku 60. Familia nyingi hupoteza haki hiyo zikiwa bado kwenye vikao vya suluhu.

Arudi shule. Hata akiwa na mimba au mtoto mkononi, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unampa nafasi ya kurejea, na mkuu wa shule asiyeujua anaelezwa kwa upole. Nyumba kumi zinazomzunguka ziambiwe jambo moja tu: asiitwe jina. "Aliyetoka Dar" linatosha kumrudisha Dar.

Ukiniuliza nguvu ziwekwe wapi zikiwa chache, nitasema kwenye kalenda. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati kuna msichana wa miaka 13 au 14 asiye na sare, asiye na mwalimu, na ambaye nyumbani wameanza kumwona ni mdomo wa kulishwa. Dalali anaijua miezi hiyo kuliko ofisa elimu. Wiki ya mtihani, mwalimu mkuu atoe orodha ya wasichana wote waliofanya, kamati iwe nayo. Oktoba na Novemba kila nyumba itembelewe mara moja, hata kwa salamu tu. Wiki ya pili ya kufunguliwa shule mwezi Januari, orodha ileile ilinganishwe na walioripoti sekondari, jina kwa jina, kwa kalamu. Jina lisilo na alama linafuatwa hadi mlangoni ndani ya siku saba. Hodi, shikamoo, mtoto yuko wapi? Jibu likiwa "kasafiri", daftari linafunguliwa palepale juu ya jamvi: kasafiri na nani, kwa nani, na ya sukari ilikuwa shilingi ngapi.